Mmoja Zaidi Kwenye Mahudhurio

Katibu muhtasi wa ofisi ya elimu alikuwa amebakiza sentensi moja tu kwenye wasifu wa marehemu bosi wake, na sentensi yenyewe ilikuwa uongo: "Hakuna shule ambayo hakuifikia." Hafla ya kumuenzi ilikuwa saa nne. Saa ya ukutani ilisema saa tatu kasoro robo.

Mengine yote yalikuwa kweli tupu, na aliyaandika kwa raha. Kwamba mzee alianza kwa kufundisha hesabu kwenye darasa lisilo na mlango, akapanda ngazi moja moja mpaka akawa Afisa Elimu mwenye shule arobaini na mbili mikononi. Kwamba akienda kukagua, hakukaa ofisini kunywa chai ya mwalimu mkuu. Aliingia darasani kimyakimya, akakunja miguu yake mirefu kwenye dawati la nyuma kabisa, akaazima penseli kwa mtoto wa pembeni, halafu akajihesabu. Darasa likiwa na watoto thelathini na watano, daftari la mahudhurio siku hiyo lilionyesha thelathini na sita. "Hata mimi nimehudhuria," alikuwa akisema. Walimu walimwita Mzee wa Nyuma, na walimwogopa kuliko mtihani, maana aliyekaa nyuma ndiye anayeona bati linalovuja na ukuta wenye ufa.

Mwaka jana, ripoti zikiwa zinasubiriwa, homa ilimlaza akiwa amebakiza shule ya mwisho kwenye orodha. Katibu akaona asimsumbue. Akachapa "Majengo ni salama", akaichomeka ripoti katikati ya rundo la karatasi za kusainiwa. Mzee alisaini zote bila kusoma; alimwamini kama binti yake wa kumzaa. Alipopona akauliza, "Mwanangu, ile ya mwisho alikwenda nani?"

"Imeshakaguliwa, Mzee."

"Mbona mimi sikukaa humo?"

Katibu akacheka kicheko cha kujibaraguza, yakaishia hapo. Mzee alikufa bila kuuliza tena.

Siku ya kwanza baada ya mazishi, shule zilipiga simu asubuhi kutaja mahudhurio, utaratibu aliouanzisha yeye mwenyewe. Shule ya kwanza kwenye orodha ikazidi mmoja. Katibu akawaka: watoto mia mbili na kumi na mmoja wanageukaje kuwa mia mbili na kumi na wawili? "Dada, tumehesabu mara mbili," mwalimu akajitetea. Kesho yake ikazidi shule ya pili. Keshokutwa, ya tatu. Kufikia wiki ya nne katibu hakubishana tena na mtu. Aliandika tu. Kila siku ya masomo shule moja, kwa mpangilio uleule wa ziara zake. Jana ilikuwa zamu ya arobaini na moja.

Simu ikalia.

"Shule ya mwisho hapa," mwalimu mkuu akasema. "Walioandikishwa ni sabini na watatu. Waliopo..." Akapekua daftari. "Samahani mama, napata sabini na wanne."

Katibu akajua Mzee amefika, na kuna alichokiona. Akisema ukweli, kazi hana. "Watoe watoto nje. Sasa hivi."

"Kuna nini tena? Nilipowaandikia kuhusu ule ufa, si mlinijibu ripoti inasema majengo ni salama?"

"Ripoti niliitunga mimi, mwalimu. Hakuna aliyefika huko. Nakuomba, watoe!"

Kengele ikapigwa mfululizo. Akasikia miguu ikikimbia, vicheko, kisha mwalimu akihesabu vichwa kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Katibu alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili.

"Sabini na watatu," mwalimu mkuu akasema, akihema. "Wote wako hapa uwanjani. Ila mama, naona kama kuna mtu mzima amebaki mle ndani. Dawati la nyuma."

"Huyo mwache," katibu akasema, machozi yakimtoka.

Kishindo kilimfanya aiondoe simu sikioni. Alipoirudisha, watoto walikuwa wanapiga kelele na mwalimu analia kama wao. "Ukuta, mama! Ukuta wote wa nyuma!"

Hakuifuta ile sentensi. Aliongeza tu chini yake ni lini mzee alifika shule ya mwisho, na nani alimchelewesha. Kisha akachukua karatasi, akaenda ukumbini kuisoma mwenyewe.