Mtoto Niliyemwita Mama

Mimi ni mkulima wa viazi na kabeji huku Endarasha. Jina langu ni Wairimu. Naandika nikiwa mzima, ingawa kuna mahali ambapo kumbukumbu zangu bado zinagongana, na sitajifanya kwamba zimenyooka.

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa kelele. Nilikama ng'ombe, nikamtayarisha binti yangu Wangari kwenda chekechea, kisha nikaingia shambani na redio ndogo mfukoni. Mume wangu, Muriithi, ni fundi wa mawe. Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa ni nani amemaliza sukari.

Mama yangu, Nyawira, alifariki nikiwa na mimba ya pili. Nilimzika nikiwa na tumbo kubwa, nikarudi kuvuna viazi, na watu wakanisifu kwamba nimejikaza. Sikulia vya kutosha, nafikiri. Au nililia na nimesahau.

Mtoto alizaliwa salama, msichana. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, na wa pili jina la mama wa mama. Kwa hiyo jina halikujadiliwa: Nyawira. Na mtoto akishapewa jina la mtu, hutaniwa kama mtu huyo mwenyewe. Muriithi humwita Wangari "mama" tangu azaliwe, na akikataa chakula humuuliza kama ameolewa vibaya. Ni utani wa kila nyumba.

Nilipotoka hospitali, usingizi ulikataa. Mtoto alilala, mimi nikabaki nimekodoa macho. Damu ya uzazi ilikuwa bado inatoka, matiti yalijaa hadi yakawaka moto, na njaa sikuisikia kabisa. Nilifua nguo zilizokwisha kufuliwa, nikazianua zikiwa mbichi, nikazifua tena. Mama mkwe alisema mimi ni mchapakazi.

Kisha wanawake wa kijiji wakaja kuona mtoto. Walileta ndizi, sukari na mitungi ya uji uliochachuka, ule ambao mama aliyejifungua hunyweshwa ili maziwa yaongezeke. Mmoja alimnyanyua mtoto akamwambia, "Nyawira, kwani umerudi kutuangalia?" Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Niliwaza kwamba kumbe hata wao wanajua.

Hapo ndipo nilipopotea, na hakuna aliyeona, kwa sababu nilifanya yale yale ambayo kila mtu alikuwa akifanya. Nilimwita mtoto mama. Hata wao walimwita hivyo. Nilimwomba ruhusa ya kwenda shambani. Muriithi akacheka mpaka akakohoa. Nilimfunga kichwani kitambaa cha marehemu. Mama mkwe akafuta machozi, akasema hivyo ndivyo mtu anavyokumbukwa.

Lakini mtu hamnyonyeshi mama yake. Wazo hilo liliniingia kichwani likakaa. Nilimwonea mtoto aibu, nikawa najifunika kifua akiwa karibu. Nilimpeleka chumbani nikafunga mlango, na waliobaki sebuleni walidhani ananyonya. Nilikuwa nikimpa uji kwa kijiko. Mama yangu alipenda uji. Mwingi ulitoka puani, alikohoa, nami nikamwomba msamaha kwamba ni moto. Maziwa yalilowesha nguo yangu mpaka kiunoni, na watu walipoyaona walisema mtoto huyu ana bahati.

Mama Wacera, mhudumu wa afya wa kijiji chetu, alikuja kututembelea kama anavyotembelea kila aliyejifungua. Alimfunua mtoto, akabana ngozi ya tumbo lake, akashika nepi. Ilikuwa kavu.

"Mama Wangari, huyu mtoto amenyonya saa ngapi?"

"Hanyonyi," nikamjibu. "Ni mtu mzima. Amekunywa uji kidogo."

Mama mkwe alianza kucheka, kisha akaacha.

Mama Wacera hakubishana nami. Alisema kwa sauti ya kawaida kwamba sawa, lakini mgonjwa anaonekana hana nguvu, twende naye hospitali, na ni mimi nitakayembeba. Jirani alitupeleka kwa pikapu yake. Nakumbuka mvua ikitupiga njiani. Muriithi anasema jua lilikuwa kali. Nimeacha kumbishia, ila mvua ile bado naiona.

Hospitalini mtoto alitundikiwa maji, nami nikapiga mayowe kwamba wanamdunga mama yangu. Wauguzi walinishika. Daktari alimweleza Muriithi kwamba huu ni ugonjwa wa akili unaowashika baadhi ya wanawake baada ya kujifungua, ni wa dharura na unatibika. Mama mkwe aliuliza kama ni lile jina. Daktari akasema hapana, jina halina kosa, na akauliza ni lini nililala mara ya mwisho. Hakuna aliyejua.

Dawa zilinikausha mdomo, zikanitetemesha mikono, zikanilaza. Nilipoamka sikuwa nimepona. Nilikuwa nimechanganyikiwa zaidi, maana sasa nilijua kuna kitu si sawa lakini sikujua ni kipi. Nikimtazama mtoto ni mtoto. Nikifumba macho, ni mama. Shangazi yake Muriithi alitaka kumchukua akaishi kwake Othaya, akisema mimi siwezi kuaminiwa tena. Hata mimi sikujiamini.

Siku moja asubuhi muuguzi aliniletea mtoto, akasema daktari amekubali nimnyonyeshe hata kwa dawa ninazotumia. Niliogopa. Nikamwambia ukweli.

"Sista, mimi sijui huyu ni nani."

"Si lazima ujue leo," akasema. "Lakini ako na njaa. Hiyo tunajua."

Alikaa kando yangu, mkono wake chini ya mtoto. Chuchu zilikuwa zimepasuka na maziwa yalikuwa yamepungua, na mtoto alipovuta niliuma meno kwa maumivu. Jasho likanitoka. Sikupata jibu lolote siku ile. Nilimshika tu mpaka akashiba, akacheua, akalala mdomo wazi.

Akili ilirudi kwa vipande. Wiki moja niko sawa, nyingine nazungumza na ukuta. Nilimlilia mama kwa sauti, mchana, katikati ya viazi, na Muriithi akaweka jembe chini akanisubiri. Dawa nilizimeza hata nilipodhani nimepona, mpaka daktari mwenyewe aliponipunguzia. Muriithi aliuliza kama tubadilishe jina nikakataa. Nyawira sasa anatembea. Jana aling'oa miche ya kabeji mstari mzima, na nilimgombeza kama mtu anavyogombeza mtoto wake.

Namshukuru Mungu, nawashukuru wauguzi, na namshukuru Mama Wacera, ambaye bado huja, na bado hushika nepi. Nawe uliyejifungua ukaona mambo ambayo wengine hawayaoni, sema, hata kama watacheka. Na ninyi mnaokwenda kuona watoto, tanieni, sisi ndivyo tulivyo. Lakini mkimaliza kucheka, mgeukieni aliyezaa. Muulizeni kama analala na mtoto amenyonya lini, kisha msubiri awajibu.