Bata Bukini wa Mfereji wa Papa Bolaka

Siku yangu ya kwanza kazini nilisimama katikati ya mtumbwi nikapiga kelele: "Bata! Bata wengi!" Tulikuwa tumetoka tu bandari ya Kisangani kwenda kuhesabu ndege wa majini. Mkuu wa kituo chetu, ambaye sote tulimwita Chef, alitazama kwa darubini, kisha akanipa nione mwenyewe. Yalikuwa mafungu ya kongo ya sika, yale magugu ya maji yanayoshuka na mkondo.

"Bon," akasema, "hawa bata yako biko na maua juu ya kichwa. Kaa chini, mama, usituzamishe. Tutakufundisha."

Na kweli alinifundisha. Kundi kubwa halihesabiwi ndege mmoja mmoja. Unakata kipande kwa macho, unakihesabu kwa makini, kisha unaangalia kundi zima lina vipande vingapi vya namna hiyo. Jaribuni, vijana wangu watafiti, hata kwa waumini wanaotoka misa. Jicho huzoea upesi kuliko mnavyodhani.

Kutoka Kisangani nilipelekwa Ubundu, kwa mkuu wa kanda aliyetaka ripoti zake zifike na treni, hata pale ambapo treni yenyewe haikufika. Kisha Basoko, mahali Aruwimi unapoingia katika mto mkubwa. Hapo kazi ilinishika roho.

Sababu ilikuwa bata bukini mwenye mwiba, ndege mkubwa mweusi mwenye mwiba mkali kwenye kiungo cha bawa. Kila mwaka hupukutisha manyoya yake yote ya kurukia kwa wakati mmoja. Kwa majuma kadhaa hawezi kupaa, basi hujificha kwenye mifereji baina ya visiwa hadi mapya yaote. Ni majira yale yale maji yanapopungua na wavuvi kupiga kambi mchangani. Kwa Papa Bolaka, mkubwa wa kambi moja, watu waliwazunguka ndege hao kwa mitumbwi na kuwaokota kwa mikono.

"Hizi ndeke zinakujaka hapa kufa," alinieleza kwa upole. "Ni mazee. Mungu anatutumia nyama. Mutu anaweza kumaliza kitu yenye kufa?"

Waliamini hivyo tangu mababu. Lakini kila mwaka makundi yalipungua, na Papa mwenyewe alilalamika.

Mkuu wa kituo cha Basoko alitaka kupeleka askari wawazuie. Nikamwomba aniache niongee na wavuvi kwanza. "Msimu moja tu," akanijibu. "Ukikosa, ninatuma askari, na poste yako ya kazi ninafunga."

Nikarudi kambini. Tulimkamata bata mmoja kwa wavu wa Papa, nikamfungua bawa mbele ya wote. Manyoya mapya yalikuwa yanachomoza, kila moja ndani ya ala yake, laini, limejaa damu.

"Papa," nikauliza, "muzee anayekufa anaotesha meno mapya?"

Kambi nzima ikacheka. Papa hakucheka. "Mama Ndeke, maneno yako iko tamu, lakini tumbo hailale na maneno. Tufanye hivi. Muvalishe pete. Akiruka, hatutagusa tena huu mufereji wakati wa manyoya. Akikufa, tunakula ingine yote, na weye unarudi Kisangani."

Nikamvalisha pete nyekundu mguuni, nikamwachia. Lo, majuma yale! Kila asubuhi nilikwenda kuchungulia matete nikitafuta pete nyekundu. Mke wa Papa, Mama Béa, alinitania kila nilipopita: "Ndeke yako inanenepa tu! Itapasuka mbele ya kuruka!" Nikamweleza kwamba ndege akianza kupigapiga mabawa akiwa bado chini, anajenga misuli. Siku iliyofuata alinivuta mkono tukamtazame, naye akawa anamhimiza ndege kama mtoto anayejifunza kutembea.

Kisha asubuhi moja, tukiwa watatu mtumbwini, matete yakatikisika, maji yakapasuka, na kundi likanyanyuka lote, zito, likipiga kelele juu ya vichwa vyetu. Katikati yao mguu mmoja uling'aa mwekundu! Papa Bolaka alisimama, akagonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia: "Mufu anaruka! Mufu anaruka!" Mama Béa alinikumbatia kwa nguvu tukaanguka wote majini, nguo na darubini.

Papa alitimiza neno lake, kisha akazunguka kambi za jirani kuwaeleza wenzake, kwa maneno yake, vizuri kuliko mimi.

Sasa nimestaafu, niko Kisangani. Vijana watafiti huja kuniuliza ni chombo gani bora cha kazi hii. Nunueni darubini nzuri, nawaambia, lakini kaeni kambini mpaka watu wawatanie.

Maji yalipoanza kupungua mara hii, simu ililia nikiwa jikoni na samaki motoni. Alikuwa Papa Bolaka kutoka kisiwani. "Mama Ndeke, sikia!" Akainua simu juu. Nikasikia upepo, halafu mabawa, mabawa, mabawa.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Papa!"

"Bon. Usikate. Kundi ingine inakuja."