Madaftari ya Mwalimu Agripina

Mwalimu Agripina alikuwa akipeta mtama uani kwake, nje kidogo ya Shelui, kijana mmoja nadhifu alipobisha hodi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba. Karibu, vuta kigoda."

Kijana aliitwa Fredrick. Kampuni yake, alisema, inaunda akili unde, programu ya simu inayozungumza na kuandika kama mtu, na inataka kuifundisha Kinyiramba. Alikuwa amesikia habari za madaftari yake ya maneno, akataka kuyanunua.

Yalikuwa kumi na moja. Agripina aliyaanza mwaka sabini na nne, akiwa binti wa miaka ishirini na mitatu, alipopewa darasa la elimu ya watu wazima. Kila alasiri, jua likianza kupoa, akina mama waliacha majembe mlangoni mwa ghala la kijiji, wakaingia na watoto mgongoni. Neno la Kiswahili likiwashinda, yeye aliandika la Kinyiramba kando yake, na mfano. Mzee Filipo, mwenye mvi tayari, siku alipoandika jina lake ubaoni alikataa katakata lisifutwe. Wiki nzima wakasomea pembeni mwa jina lile. Vitabu vilitoka serikalini, bure. Ukimaliza chako, unampa jirani. Wengi wa wanafunzi wale sasa wako udongoni.

"Mkishaifundisha, nani ataitumia?" aliuliza.

"Yeyote, mwalimu. Anajiunga tu, analipia kila mwezi."

"Na shule yetu ikitaka kuona mlivyoitengeneza, irekebishe palipokosewa?"

Fredrick hakuwa mwongo. "Hapana. Hiyo ni mali ya kampuni."

"Basi mwanangu, nitakuwa nimewauzia wajukuu wa Filipo maneno ya babu yao."

Alimpa uji, akamsindikiza hadi barabarani. Haikuwa rahisi kuzikataa fedha zile; paa la jiko lake lilikuwa likivuja.

Lea, binti wa kaka yake, anayefundisha sekondari, alimtafutia watafiti wa chuo kikuu kimoja cha umma. Wao waliunda akili unde ya wazi kwa fedha za serikali: yeyote aichukue, aikague, aiendeleze. Agripina aliwapa madaftari yote, sharti la kubaki wazi hivyo likiwa limeandikwa na kusainiwa. Fedha zikakwama mwaka mzima, naye akaanza kujilaumu.

"Vumilia, shangazi," Lea alimwambia. "Cha umma hutembea polepole."

Mwaka huu, kabla ya mvua, Lea alileta simu yenye programu ile ya chuo. Rebeka, mwanafunzi wa zamani wa lile darasa la ghalani, ambaye macho yake hayasomi tena, aliiuliza kwa Kinyiramba habari za kupanda alizeti. Ikamjibu vizuri, ila ikakosea neno moja. Rebeka akaikemea kama mjukuu, wakacheka hadi machozi. Lea akatuma sahihisho.

Wiki mbili baadaye neno lilikuwa limenyooka, na mifano mitatu imeongezwa, kazi ya mwalimu mmoja wa Mkalama wasiyemjua kabisa. Agripina alifurahi. Lakini alasiri ile, jua likianza kupoa, alitamani angekuwa na mahali pa kwenda kufundisha, kama zamani.