Chumvi ya Bibi na Sheria ya Kuni

Jamani mliokaa nyuma, sogeeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi! Mnaniuliza uongo wangu nautoa wapi na shule sikusoma. Nautoa ziwani. Juzi nimepita pale ufukweni, Ziwa Singida, kiangazi hiki, maji yamerudi nyuma yameacha ule weupe wa chumvi. Harufu ikanipiga puani, nikakaa chini pu! kama gunia la alizeti.

Enzi zetu, kiangazi kikishika, bibi na jirani yetu walikuwa wanapika chumvi palepale. Tunakwangua udongo kwa kipande cha kibuyu, unachujwa na maji kwenye chungu kilichotobolewa chini, yale maji yanachemshwa kutwa. Sasa chungu kinataka kuni, na kuni zilikuwa mbali: unaondoka na nywele nyeusi, unarudi na mvi. Ndiyo bibi akaweka sheria: tukae tutungiane uongo, atakayecheka kwanza ndiye anafuata kuni.

Jirani alikuwa anacheka hata inzi akipiga chafya. Bibi, hapana. Tangu tumzike babu, mdomo wake ulifungwa kama mzigo wa safari. Nikasema moyoni, huyu lazima acheke, hata mara moja. Nikatunga! Nikamwambia jua limekuwa kali mpaka kuku wetu leo kataga yai limeshachemka. Bibi akakoroga chungu chake, wala hakugeuka. "Na chumvi mlilitia, au katia mwenyewe?" Nikaanguka kwa kicheko mimi mwenye uongo. Kuni! Kiangazi kizima nilibeba kuni mpaka miti ikiniona inakimbia.

Siku moja nimeishiwa kabisa, nikaropoka: "Bibi, nimemwona babu kule katikati ya ziwa, kasimama na ng'ombe wake. Anasema huko aliko mlenda hauna chumvi."

Jirani akanifinya. Nasikia maji tu yanatokota. Halafu bibi akaachia mwiko, akacheka, akacheka mpaka flamingo wote wakaruka, mbingu ikawa nyekundu mchana kweupe. "Ndiye huyo!" anajipiga mapaja. "Hata huko analalamikia mlenda!" Akafuta macho na kanga, akachukua kamba ya kuni. Nikamkimbilia nimpokee.

"Kaa. Sheria ni sheria."

Akakaa huko hadi chungu kikapoa. Akarudi na kijiti kimoja, macho yamevimba.

Siku hizi chumvi ni ya pakiti, ina ukali tu, haina habari yoyote. Vyungu havipo. Bibi naye hayupo. Tumebaki mimi na jirani, sasa kizee. Juzi nimemkuta palepale, nikampa shikamoo, tukakaa karibu na lile jiwe alilokuwa anakalia bibi. Tupu. Nikaukimbilia uongo: nikamwambia flamingo hawa ni kuku wa Singida waliobabuka kwa jua. Akacheka na jino lake moja lililobaki.

"Umecheka, mama! Kuni!"

Akaligeukia lile jiwe. "Mimi niende wapi? Bibi yako si alishakwenda? Tumngoje!"