Sayari Yenye Mvuke na Pampu ya Dranya

Juma lililopita nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya maji mjini Koboko. Mbele yangu mama mmoja kutoka kijiji cha Dranya aliuliza, kwa mara ya tatu mwezi huo, lini pampu ya kisima chao itatengenezwa. Karani hakuinua macho kutoka kwenye simu yake.

"Mama, Dranya iko mbali."

Kisha akatugeuzia simu, uso umechangamka. "Ona! Darubini ya kule angani imeona mvuke ya maji kwa sayari ya nyota ingine."

Mama akainama, akaitazama picha kwa makini. "Hiyo nyota iko mbali kupita Dranya?"

"Aa, mama! Hata mwanga natembea miaka mingi kufika hapa."

"Na mutu naona maji yake." Akaweka jerikeni tupu juu ya meza. "Basi ambia yeye ageuze hiyo darubini kidogo."

Foleni nzima ilicheka. Karani naye alicheka, halafu akachukua kofia yake ya pikipiki na kuondoka na mama. Jioni nilisikia kwamba pampu ilikosa kipande kimoja tu cha mpira, na sasa inatoa maji.

Nawapongeza wanasayansi wa nyota kwa dhati. Sikujua utafiti wao ungeifaidisha Dranya upesi hivyo.