Mkwaju wa Ukurasa wa Kumi na Saba

Simu kutoka Mpwapwa ilipokatika, Violeth alibaki ameushika mkonga, mdomo wazi. Mbegu zote zimefutika. Kumbukumbu za sampuli elfu sita za mtama na uwele, zilizokusanywa kijiji kwa kijiji kwa miaka minne, hazimo tena kwenye kompyuta. Aliyezifuta ni Mzee Ulimboka, karani mkongwe wa tawi lile, akifuata kitabu cha maelekezo alichokiandika Violeth mwenyewe.

Kitabu hicho ndicho kilichomwokoa. Mwaka 1997 ofisi ya mradi wa mbegu pale Dodoma ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na Violeth, aliyekuwa mpiga chapa kwa miaka kumi na minane, alijua jina lake limo kwenye orodha. Akaomba kazi ambayo wasomi waliikwepa: kueleza kwa Kiswahili lugha ya kuiuliza na kuiamuru kompyuta. Ukurasa wa kumi na saba ulimtoa jasho. Katika lugha ile, alama ya asilimia maana yake ni chochote kile. Sasa ukiitaka asilimia yenyewe, utafanyaje? Unatanguliza mkwaju, ule mstari wa mshazari, ila uliolalia kinyume, nao unaiambia mashine kwamba kinachofuata ikichukue kama kilivyo. Akatoa na mfano. Sampuli ambazo kipimo cha kuota kiliharibika, makarani walikuwa wakiziandikia asilimia tupu bila namba. Amri ya kuzifuta ndiyo hii: futa penye mkwaju na asilimia. Mkuu wa ofisi, Bwana Octavian, alisoma, akaelewa mara ya kwanza, akalikata jina la Violeth kwenye orodha.

Tatizo, taipureta haikuwa na mkwaju wa namna hiyo. Violeth aliacha nafasi, akadurufu nakala arobaini, kisha akaketi na kalamu kuchora mikwaju kwa mkono, nakala baada ya nakala.

Mchana wa siku ile ya simu, Ulimboka alishuka kwenye basi pale Dodoma, nakala yake kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu tazama mwenyewe."

Violeth alifungua ukurasa wa kumi na saba. Nafasi ilikuwa tupu. Nakala hii alikuwa ameiruka. Amri isiyo na mkwaju ilisema futa chochote kile, na mashine ikatii. Fomu za karatasi zilizojazwa vijijini nazo zilishauzwa sokoni Majengo kwa wafunga karanga, eti kwa kuwa kompyuta haisahau. Watu wazima, wenye vyeti ukutani, walikaa kikao wakapitisha jambo hilo.

"Una watoto wangapi shuleni?" Ulimboka aliuliza.

"Watatu."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akachukua nakala yake, akaondoka.

Kesho yake asubuhi waliitwa wote wawili ofisini kwa Octavian. Violeth aliingia akijua kazi imekwisha. Octavian aliifungua nakala ya Mpwapwa, akaigeuza kuelekea kwa Violeth.

"Mkwaju huu hapa," alisema. "Maelekezo hayana kosa."

Violeth alitazama, asiamini. Mkwaju ulikuwepo, umechorwa vizuri, umelalia kinyume kama inavyotakiwa. Alimtazama Octavian, akamtazama Ulimboka, na Ulimboka alikuwa anatazama viatu vyake.

"Ni macho yangu tu, Bwana Octavian," mzee alisema. "Niliuruka."

Alibakiza miezi mitano astaafu. Kwa kosa kama hili angeondoka bila kiinua mgongo, na kila mtu chumbani alilijua hilo, yeye kuliko wote. Octavian alishaanza kujaza fomu ya makosa. Kilichotakiwa ni Violeth akae kimya tu, na kukaa kimya alikujua sana. Miaka kumi na minane alikuwa akipiga chapa upuuzi wa wakubwa bila kuinua uso.

"Mzee anasema uongo," alisema. "Jana nafasi hii ilikuwa tupu. Niliyeiacha ni mimi. Mkwaju kauchora yeye."

Octavian aliacha kuandika. Ulimboka alifumba macho.

"Violeth," alisema taratibu, "nyamaza, mwanangu."

Violeth aliivuta ile fomu, akachukua kalamu mkononi mwa Octavian, na kwenye nafasi ya mkosaji akaandika jina lake mwenyewe.