Mkuyu wa Mama Mkwe

Jumatano, tarehe 14 Machi. Mawingu tangu alfajiri, joto la kunata, jani halitikisiki.

Fundi Saa, jirani yangu wa mlango wa pili, alitoka barazani amebeba mizani ya jikoni. Ana miaka hamsini na mbili, na zaidi ya nusu ya hiyo ameitumia kufungua saa za watu kwa kibano na subira. Akirudi nyumbani, subira yake huihamishia kwenye bonsai, miti inayodumazwa chunguni: kumi na mmoja, hakuna unaozidi birika kwa urefu. Ila uliokuwa ukimkosesha raha siku hiyo haukuwa wake. Ulikuwa mkuyu mdogo wa mama mkwe wake, anayeishi nao. Aliachiwa na marehemu mumewe, na ameulea miaka ishirini na sita.

Mizizi ilikuwa imejaa hadi inajizungusha chunguni. Fundi alibembeleza mwezi mzima aruhusiwe kuuhamishia chungu kipya. Mama alikubali shingo upande, kisha akaenda kwa mwanawe wa kiume kwa siku kumi.

"Jumatano niukute hai," alisema mlangoni. "Ukifa, baba, usiguse kitu changu tena. Hata kiti."

Siku ya nne baada ya Fundi kuuhamisha, majani yakalegea. Fundi hakushtuka. Mti uliopunguzwa mizizi hushindwa kunywesha majani yote, kwa hiyo aliupogoa kidogo, akauweka kivulini, akaacha kumwagilia. Badala ya kupata nafuu, majani yakageuka manjano, laini kama karatasi iliyolowa. Akachoma kijiti kwenye udongo, kikatoka na tope. Akanusa: mtaro mtupu.

"Udongo umelowa, majani yamenyauka," aliniambia. "Maana yake mizizi inaoza. Lakini maji yanatoka wapi, na mimi sijamwagilia siku tano?"

Akaweka chungu kwenye mizani. Asubuhi, kilo moja na gramu mia nane. Saa saba mchana, kilo mbili.

"Labda hewa ya kwenu inanenepesha," nikasema.

Alinitazama kama aliyeng'amua jambo, akavaa sura ya msiba, akaingia ndani, nami nyuma yake. "Mkuyu umekufa," akatangaza. "Umekufa kwa kiu."

"Kiu gani?" mkewe akaruka. "Si naupa kikombe kila asubuhi!"

"We!" dada wa mkewe, anayeishi nao pia, akadakia. "Na mimi kila mchana!"

Nikakohoa. Changu kilikuwa kikombe cha jioni.

Mama alikuwa ametupigia simu sote, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini: "Kikombe kimoja tu, na usimwambie mtu. Huyo anajua saa, miti hajui."

Fundi alicheka hadi akakaa chini. Kisha akanawa mikono, akautoa mti, akakata mizizi yote iliyokuwa myeusi na kuteleza, akaupanda upya kwenye kokoto na vipande vya matofali. Akaufunga shina kwa kamba usitikisike, akaufunika kwa mfuko mweupe wa plastiki.

Saa kumi Mama akaingia, mkoba bado begani.

"Umeniulia mti."

Fundi akainamisha kichwa. Mkwe hashtakiwi usoni. Lakini mkewe hakuwa na mkwe pale, alikuwa na mama.

"Tumeuua sote, mama. Kila mtu kwa agizo lako."

Mama akatuhesabu kwa macho. "Nyote? Nilijua wawili lazima watasahau! Tangu lini nyumba hii mkaagizwa kitu mkakifanya?"

Fundi akainua mfuko, akakwangua gome kwa ukucha. Chini yake palikuwa na kijani.

Mama akavaa miwani, akainama kutazama. Alipoinuka sauti ilikuwa imeshuka.

"Kwa hiyo tufanye nini, baba?"

"Tusifanye kitu, Mama. Hiyo ndiyo dawa. Mpaka udongo ukauke juu."

"Kutofanya kitu," Mama akarudia, akimtazama binti mmoja, kisha wa pili, kisha mimi. "Na hawa?"

Kesho yake asubuhi Fundi aliuhamishia mkuyu kwenye stoo yenye dirisha, akafunga mlango kwa kufuli, akamkabidhi mama mkwe ufunguo kwa mikono miwili, akaenda kazini.